Kubomoa Nako Kwataka Mpango



Watu wa Kalenga walijua maana ya kubomolewa zamani sana. Mwezi wa Oktoba, 1894, Wajerumani waliivunja ngome ya Mtwa Mkwawa kwa mizinga, wala hawakuuliza nani yumo ndani. Baadaye wakajenga boma lao mjini Iringa. Boma hilo sisi hatukulivunja. Tangu 2016 ni nyumba ya makumbusho, na mjukuu wa aliyetawaliwa huingia humo kusoma habari za babu yake. Twalitaja kwa kuwa swali la kwanza kwa kila jengo ni hili: je, lastahili kuvunjwa?

Mengi yastahili. Barabara kuu ya kwenda Zambia imekuwa nyembamba mno kwa malori yanayokatiza mji wa Mbeya, na mwaka 2023 ilianza kazi ya kuipanua iwe njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Sheria ya Barabara ya 2007 nayo iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Nani alipwe na nani asilipwe, maneno hayo yamesemwa sana, na yataendelea kusemwa. Lisilosemwa ni namna nyumba yenyewe inavyoshuka chini.

Mwenye nyumba huona alama ya X ukutani na hupewa siku zake. Bati, mbao, milango na matofali ya kuchoma ni mali. Nani aliachie katapila? Basi huwaita vijana wa kibarua, nao kwa haraka huanza kuchimba chini ya ukuta ili uanguke wote kwa mara moja. Hapo ndipo penye kifo. Ukuta uliokatwa chini hauangukii unakotaka wewe.

Nyumba hubomolewa kinyume cha ilivyojengwa. Kwanza umeme ukatwe na mafundi wa TANESCO kwenye nguzo, si kwa koleo la jirani, na maji yafungwe. Kisha yatoke mabati na mbao za paa. Paa likisha toka, zile pembe za ukuta zilizokuwa zikishika kenchi hubaki zimesimama peke yake, hazina kinachozishikilia, na upepo wa Mbeya twaujua. Hizo ziondolewe siku ile ile. Halafu matofali, mstari kwa mstari kutoka juu, pande zote kwa pamoja, fundi akiwa juu ya jukwaa wala si juu ya ukuta. Mahali nyumba zilipobanana, yafaa kutazama kwanza kama ukuta huu haubebi paa la jirani. Ghorofa si kazi ya vijana wenye nyundo hata kidogo. Ni ya mkandarasi aliyesajiliwa pamoja na mhandisi. Kariakoo ilitufundisha tarehe 16 Novemba, 2024, ghorofa lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 25.

Tena kuna mvua. Huku kwetu hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na nyumba nyingi za Iringa na Mbeya zimejengwa kwa tofali la kuchoma lililounganishwa kwa udongo. Ukiondoa bati mwezi wa Januari, usiku mmoja tu udongo ule hurudi kuwa tope. Anayetoa notisi ofisini huenda hajawahi kulala katika nyumba ya namna hiyo.

Na yale mabati mazito ya kijivu ya asbesto, yaliyoezekwa nyumba nyingi za zamani, yasivunjwe wala yasiuzwe kwa banda la kuku. Vumbi lake huleta kansa. Yalowanishwe, yafunguliwe yakiwa mazima, yafukiwe.

Sheria ya usalama kazini tunayo tangu 2003, na waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2015. Lakini kijana aliyeitwa kwa siku moja jina lake halimo katika kitabu chochote. Akivunjika mguu, atauguzwa na mama yake.

Twaomba basi Halmashauri zifanye hivi. Kabla ya siku ya mwisho, mhandisi apite mtaani pamoja na mwenyekiti wa mtaa, nyumba kwa nyumba, aonyeshe ipi ianze. Kofia ngumu na kamba ziazimwe ofisini. Wanachama wa matawi wajitolee kuwazuia watoto na kuwahamisha wazee mapema. Na tarehe za notisi zibandikwe ofisi ya mtaa, hata moja isimalizike kati ya Novemba na Aprili.