Chuo kikuu kinahitaji chumba cha kusikiliza wanafunzi

Mwanafunzi wa Goma ao Bukavu akikosa pointi, anajua mlango wa kubisha. Akikosa usingizi kwa sababu ya masasi aliyoyasikia, hana mlango. Ofisi ya chuo inamuuliza tu kama amelipa.

Goma iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Masomo yalipoanza tena, kuna waliorudi darasani wakiwa wamezika ndugu. Nani aliwauliza hali yao?

Tutaambiwa kwamba kuna Tulizo Letu huko Goma, na SOSAME huko Bukavu. Ni kweli, na wanafanya kazi kubwa. Lakini hivyo ni vituo vya magonjwa ya akili, na kwetu anayeonekana akitoka pale, kesho ataitwa mwenda wazimu na wenzake. Kijana anaona afazali anyamaze, ao anywe.

Chumba kiwe ndani ya chuo: viti viwili, mlango unaofungwa, na mtu aliyesomea saikolojia. Kisangani inatoa wanasaikolojia tangu miaka ya 1970, hawakosekani. Tena asiwe profesa wala asistanti wa palepale. Msichana anayesumbuliwa na mwalimu wake atafungua moyo namna gani mbele ya mtu anayeshika pointi zake?

Orodha ya malipo ya mwanafunzi ni ndefu. Wakuu wa vyuo watoe humo mshahara wa mtu huyo mmoja, mbele ya mitihani kuanza.