Mjomba, manifoldi ya kabureta mbili ya nini?

Najua mnakesha na UE, ila nina dukuduku. Nimerudi chuo toka Samuye, na huko nyumbani ubishi ni mmoja: Land Rover ya mjomba ibadilishwe manifoldi au iachwe?

Kwa wasiozoea gereji, manifoldi ya hewa ni lile bomba lenye matawi linalopokea hewa na petroli toka kwenye kabureta na kuzigawa kwenye silinda. Gari la mjomba ni Series III, petroli, silinda nne, cc 2,286. Fundi mmoja wa mjini anamshawishi afunge manifoldi ya kubeba kabureta mbili, eti gari "litapaa". Mjomba keshaanza kupiga hesabu ya kuuza ng'ombe.

Mimi napinga. Lipae kwenda wapi? Kazi yake ni magunia ya pamba, madumu ya maji, na mvua zikikolea kuwahisha mgonjwa Shinyanga mjini wakati njia za ndani ni tope tupu. Hiyo ni kazi ya mizunguko ya chini, na injini ile ilitengenezwa ivute vizuri huko huko. Matawi membamba yanaifanya hewa ikimbie hata injini ikienda polepole, petroli inachanganyika vizuri. Ukiyapanua, hewa inalegea, gari linakohoa ukiwa gia namba moja na mzigo nyuma. Faida ya njia pana iko juu kabisa, kwenye mizunguko ambayo mjomba hafiki hata akikimbizwa na fisi.

Nilipomwambia hivyo akanitolea Datsun 240Z. Sawa, ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, na ina kabureta zaidi ya moja. Lakini ile ni silinda sita, gari la mashindano, lilikuwa na mafundi na vipuri vikilisubiri njiani. Samuye nani atakuwa anazisawazisha kabureta mbili kila zikipishana?

Halafu vumbi jamani! Filta ya Land Rover, ile ya bakuli la oili, inalimudu vumbi la kwetu. Ukiitoa ukaweka vile vifilta vidogo vya urembo, umeilisha injini mchanga.

Ninachotaka mimi: manifoldi iliyopo ifunguliwe, uso wake upimwe kwa rula ya chuma kama umepinda. Ile ya ekzosi imefungwa chini yake ili kuipasha joto, kwa hiyo zote mbili zikazwe kwanza kwenye silinda hedi, ndipo bolti zinazoziunganisha zikazwe. Na gasketi mpya. Kabla sijaondoka tulinyunyizia maji kwenye maungio injini ikinguruma, mlio ukabadilika. Maana yake inavuta hewa pale. Nguvu aliyoipoteza iko hapo, kwa bei ya gasketi, sio ya ng'ombe.

Jumamosi anakutana na fundi wake. Mdau anayejua wapi Mwanza au Shinyanga napata gasketi ya manifoldi ya Series III, anishtue kabla ya hapo.