Miezi 45 ya kwanza ya mtoto Kakamega ni mzigo wa nani?

Hebu tupige hesabu kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili. Baba anapata wiki mbili. Mtoto naye anaingia chekechea, darasa la PP1, akiwa na miaka minne. Katikati hapo kuna miezi 45. Kama wewe ni mzazi kijana hapa Kakamega, swali ni moja: muda huo wote, nani anakaa na mtoto ukienda kutafuta riziki?

Na hiyo ni hesabu ya mwenye barua ya kazi. Ukiwa unauza mboga Lubao, unasuka nywele mjini au unaendesha boda boda, hata ile miezi mitatu huna. Unajifungua, unapumzika kidogo, unarudi kazini kwa sababu mwenye nyumba hasubiri.

Jibu la zamani lilikuwa nyanya. Siku hizi nyanya yuko Malava au Butere na wewe umepanga chumba Amalemba. Tena usidhani amekaa bure: ana shamba, ana ng'ombe, na pengine tayari analea wajukuu wengine wanne. Jibu la pili ni msichana wa kazi, lakini utamlipaje na kibarua chako chenyewe hakijulikani kesho kitakuwepo? Linabaki jibu la tatu: mama wa mtaa anayepokea watoto kwa siku katika chumba kimoja. Ndiye anayebeba uchumi wa mji huu mgongoni, na hakuna anayemhesabu.

Sasa fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kwenye orodha ya kazi za kaunti. Utakuta mstari mmoja umeweka pamoja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Yaani hili si jambo la kusubiri Nairobi. Ni kazi ya kaunti, sawa na chekechea.

Madarasa ya chekechea tumeyaona yakijengwa. Vyuo vya ufundi navyo vinatafuta wanafunzi. Lakini watoto wachanga wengi wanaolelewa nje ya nyumbani wako mikononi mwa watu binafsi. Kwa nini? Darasa linazinduliwa, picha zinapigwa, mambo yanaisha. Kituo cha watoto kinataka maji, uji na mshahara wa mlezi kila siku. Pia kuna ile dhana kwamba kulea ni kazi ya wanawake, tena ya bure. Utafiti wa serikali wa mwaka wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kuwa wanawake nchini hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Kitu kinachopatikana bure, nani atakitengea bajeti?

Usiseme Kakamega haiwezi. Mwaka wa 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti hii ilianzisha mpango wa kuwasaidia akina mama wasiojiweza, ambao baadaye ulijulikana kama Imarisha Afya ya Mama na Mtoto. Mama aliyehudhuria kliniki na kujifungulia kituoni alipewa Sh2,000 kwa awamu, jumla Sh12,000, hadi mtoto afike miezi 18. Ulikuwa mpango wa kupigiwa mfano. Ila Sh12,000 ukizigawa kwa muda wote huo, hazimlipi mlezi hata kidogo. Mpango ulimlinda mama asife akijifungua. Haukumpa saa nane za kufanya kazi au kusoma.

Na hapo ndipo vijana tunaumia zaidi. Tangu 1994 sera ya elimu inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo mpya ukatolewa 2020. Mlango uko wazi, sawa. Lakini ataingia vipi na mtoto mgongoni? Kaunti inaweza kutangaza nafasi za kozi za ushonaji na umeme kila muhula. Bila mahali pa kumwacha mtoto, nafasi hizo ni za wavulana na wasichana wasio na watoto.

Wakati tunasubiri, tumia kilichopo. Kwanza, mhudumu wa afya ya jamii kijijini au mtaani kwako. Huyo anajua kliniki, chanjo na familia zenye uhitaji, muulize misaada iliyopo. Pili, afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Ikiwa baba au mama wa mtoto amehepa majukumu, afisa huyo anaweza kuwaita na kuwapatanisha kabla hamjafika kortini. Katiba, kifungu cha 53, inasema wazazi wote wawili wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Jamaa yangu wa boda, hiyo inakuhusu. Tatu, ukiona mtoto anateswa, piga 116, ni bure. Nne, kama umeajiriwa, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Uliza, usiogope.

Ukitafuta mlezi, usiangalie bei tu. Nenda bila kutangaza, saa nne asubuhi. Hesabu watoto na watu wazima. Angalia jiko liko wapi, maji yanatoka wapi, choo kikoje. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Ukikuta watoto wote wamelala fofofo kila unapofika, ondoa wako.

Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kulea watoto mwaka wa 2017. Kakamega inaweza kujifunza, ila kwa tahadhari. Sheria ikija na askari wa kufunga vyumba vya akina mama wa mtaa, watoto watarudi kufungiwa nyumbani peke yao. Anza kwa kuwasajili walezi hao, kuwafunza huduma ya kwanza na lishe, na kuwatembelea. Kisha tenga chumba kimoja cha watoto katika kila chuo cha ufundi cha kaunti na kila soko kubwa. Hakuna jengo la ghorofa linalohitajika hapo.

Pesa? Kila mwaka makadirio ya bajeti yanafikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa wazee wanaodai barabara. Safari ijayo ukisikia tangazo la kikao wadini kwako, beba mtoto uende naye. Akilia katikati ya mkutano, mwache MCA asikie.