Uwanja ni kazini kwa mtu, matusi siyo utani

AGOSTI 8, 2015 pale Stamford Bridge, Chelsea ilikuwa sare ya mabao 2-2 na Swansea, tena ikiwa pungufu baada ya kipa Thibaut Courtois kula nyekundu. Dakika za nyongeza Eden Hazard akalala chini, mwamuzi Michael Oliver akaita watu wa tiba, na daktari Eva Carneiro akakimbia kufanya kazi yake. Hazard akalazimika kutoka nje kwanza, Chelsea ikabaki na watu tisa. Jose Mourinho akawaka.

Kilichofuata kinajulikana. Carneiro aliondolewa benchi, akaachana na klabu mwezi uliofuata, akafungua kesi akidai kulazimishwa kuacha kazi na kubaguliwa kwa jinsia yake. FA ilichunguza ikasema Mourinho hakutumia lugha ya kibaguzi. Lakini Juni 2016 Chelsea ikamalizana na daktari huyo nje ya mahakama na kumuomba radhi.

Kuna kipande ambacho wengi wamekisahau. Kabla ya siku ile, Carneiro alishazoea kupigiwa kelele za matusi ya kingono na mashabiki wa viwanja vya ugenini. Anaingia kutibu goti la mtu, jukwaa linamtukana mwili wake. Na sheria haikumsaidia sana, maana kifungu kilichombana mwajiri pale mfanyakazi wake anaponyanyaswa na mtu wa nje kilikuwa kimefutwa Uingereza mwaka 2013.

Sasa upepo umegeuka. Tangu Oktoba 26, 2024, kila mwajiri Uingereza, klabu za Ligi Kuu zikiwemo, anatakiwa kuchukua hatua za kuzuia udhalilishaji wa kingono kabla haujatokea. Akishindwa, mahakama ya kazi inaweza kumuongezea fidia hadi asilimia 25. Sheria mpya ya haki za ajira ya mwaka 2025 imekaza zaidi. Kwa ratiba ya serikali yao, kuanzia Oktoba 2026 klabu itatakiwa kuonyesha ilichukua hatua zote za busara, na itabeba mzigo hata kama aliyemnyanyasa mfanyakazi ni mteja. Mteja wa klabu ni nani? Ni shabiki mwenye tiketi.

Wapinzani walipiga kelele kwamba utani wa baa na wa jukwaani utakufa. Hoja hiyo haina miguu. Utani ni kumwambia jirani yako timu yake imefungwa tano na bado anatembea kifua mbele. Kumtukana dada anayekagua tiketi getini, au anayepita na begi la dawa pembeni ya uwanja, huyo hujamtania, maana hana nafasi ya kukujibu. Yuko kazini. Akikujibu anafukuzwa, akinyamaza kesho unarudia.

Ndiyo maana sheria hii imepiga penyewe. Zamani swali lilikuwa, nani alitukana? Jibu likawa halipatikani, watu 40,000 walikuwa wanaimba. Sasa swali ni, klabu ilifanya nini kabla? Iliwafundisha walinzi wa jukwaani? Iliweka mtu wa kupokea malalamiko ambaye si rafiki wa kocha? Ilimfungia shabiki aliyeonekana kwenye kamera? Klabu inayojua kiti cha kila mwenye tiketi ya msimu haiwezi kusema haikujua.

Shabiki wa Bongo asidhani haya ni ya Wazungu tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuondoa ubaguzi kazini na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Kifungu hichohicho kinahesabu kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu ya jinsia yake kuwa ni ubaguzi. Klabu inayomlipa daktari, ofisa habari au mhasibu mshahara ni mwajiri kama kiwanda chochote. Kwenye usajili wa wachezaji kila kitu kinawekwa hadharani, hadi picha uwanja wa ndege. Mpango huu nao uwekwe hadharani, wanachama wauone na wauulizie kwenye mkutano mkuu.

Chelsea haikukosa fedha za kumlipa Carneiro. Ilikosa utaratibu wa kumlinda kabla mambo hayajaharibika, ikaishia kuomba radhi wakati daktari ameshaondoka. Radhi ya namna hiyo ni sawa na bao la dakika ya 90 wakati umeshafungwa matano. Linaandikwa kwenye ubao, ila pointi hazirudi.