Bia ya Kopo, Bia ya Chupa na Swali la Chombo Kitupu

KATIKA mji mdogo wa Lyons, jimbo la Colorado nchini Marekani, kiwanda kidogo cha bia kiitwacho Oskar Blues kilifanya mwezi Novemba 2002 jambo lililowachekesha watengenezaji wenzake. Kilianza kuuza bia yake katika makopo, kikiyajaza mawili mawili kwa mashine ya kuwekwa juu ya meza. Wakati huo ilikubalika karibu kama sheria kwamba bia ya heshima hukaa katika chupa, na kwamba kopo ni la bia nyepesi ya viwanda vikubwa, inunuliwayo kwa wingi na kunywewa pasipo kufikiriwa. Kicheko hicho hakikudumu. Leo kopo limeishinda chupa katika viwanda vidogo vya nchi hiyo, na viwanda vidogo vinavyochipuka kwingineko, Afrika Mashariki ikiwamo, hutazama mfano huo kabla ya kuagiza mitambo.

Kwa hiyo yafaa ubishi huu wa chupa na kopo uchunguzwe kwa utulivu, maana umechanganya mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni hali ya bia yenyewe. La pili, ambalo wanywaji hulizungumza kwa nadra, ni chombo kitupu: nani anakigharimia, nani anakiokota, na fedha yake inakwenda wapi.

Tuhuma ya zamani dhidi ya kopo ilikuwa ladha ya bati. Jim Koch, mwanzilishi wa kampuni ya Boston Beer, aliwahi kuorodhesha haki za mnywaji wa bia, na mojawapo ilikuwa kuuziwa bia katika chupa badala ya kopo. Mwaka 2013 kampuni yake ilianza kutia bia yake ya Samuel Adams katika makopo. Wako waliomcheka, lakini mtu anayebadili msimamo baada ya kupata ushahidi hastahili kuchekwa. Ukweli ni kwamba bia ya kopo haigusani na madini. Kopo la kwanza la bia lililouzwa duniani, lile la kiwanda cha Krueger lililoingia madukani mjini Richmond, Virginia, tarehe 24 Januari 1935, liliwezekana tu baada ya wahandisi wa kampuni ya American Can kupata utando wa kupaka ndani ili bia isile bati. Makopo ya aluminiamu ya siku hizi nayo yana utando. Anayesikia ladha ya madini mara nyingi anaisikia kwa midomo na pua yake, kwa kuwa amenywa moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Akiimimina bia ile ile katika bilauri, tofauti hutoweka.

Utando huo nao una maswali yake. Baadhi yake hutengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2024 kuipiga marufuku katika vyombo vya chakula, ukitoa muda kwa viwanda kubadilika. Mwagizaji wa makopo katika nchi zetu hana budi kuuliza utando wa makopo yake ni wa aina gani.

Adui mkubwa wa bia, hata hivyo, ni mwanga. Uchungu wa bia hutokana na ua la hopsi. Mwanga ukipenya ndani ya chupa, vitamini B2 iliyomo katika bia huunyonya na kuchochea viini vya hopsi kuvunjika, kisha huzaliwa kemikali yenye salfa ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chembe tu. Malcolm Forbes wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzake walieleza hatua za badiliko hilo mwaka 2001. Wamarekani hufananisha harufu hiyo na ya mnyama wao aitwaye skunk, ambaye kwa uvundo wake ni ndugu wa kicheche wetu. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoleta madhara hayo. Chupa ya kijani huzuia kidogo, na chupa nyeupe haizuii kitu. Katika nchi ambazo kreti hushushwa saa sita mchana na kuachwa juani mbele ya duka, hilo si jambo la maabara. Dakika chache za jua kali zatosha kuiharibu bia iliyo katika chupa nyeupe. Kopo halipitishi mwanga hata kidogo.

Adui wa pili ni hewa. Kizibo cha chupa, hata kikibanwa vizuri, hupitisha oksijeni kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita, na bia hugeuka ladha ikawa kama karatasi iliyolowana. Mshono wa kopo hubana zaidi. Lakini hapa ndipo wauzaji wa mitambo wasiposema yote. Mdomo wa kopo ni mpana, na kabla mfuniko haujakazwa hewa ina nafasi kubwa ya kuingia. Kiwanda kikubwa kina mashine za kuifukuza, lakini kiwanda kidogo chenye mashine rahisi kinaweza kufungia hewa ndani ya kopo na kuiharibu bia ambayo chupa iliyojazwa kwa uangalifu ingeitunza. Aidha, zipo bia, kama zile za Ubelgiji zinazoendelea kuchachuka ndani ya chupa na kuhifadhiwa kwa miaka, ambazo zinahitaji chupa nene inayohimili msukumo wa gesi.

Kwa upande wa ladha, basi, hukumu ya haki ni kwamba kopo lililojazwa vizuri linailinda bia kuliko chupa, hasa bia yenye hopsi nyingi inayotakiwa kunywewa ikiwa mpya. Wapenzi wa chupa wangekiri hivyo bila kuona haya.

Lakini kunywa bia ni kazi ya nusu saa, na chombo hubaki. Chupa ya mililita 355 ina uzito wa gramu kama 200, na kopo la ujazo huo huo gramu kama 13. Lori linalobeba chupa elfu moja za bia limebeba kilo 355 za bia na kilo 200 za kioo, ilhali linalobeba makopo elfu moja limeongeza kilo 13 tu juu ya bia. Kwa safari ndefu, mafuta yanayookolewa ni mengi. Hiyo ndiyo hesabu ipendwayo na watetezi wa kopo, na ni sahihi mpaka hapo inapokomea.

Haisemi aluminiamu inatoka wapi. Kuzalisha kilo moja ya aluminiamu mpya hutumia kiasi cha uniti 14 za umeme. Afrika inalijua jambo hilo kwa uchungu. Bwawa la Akosombo katika Mto Volta lilipokamilika mwaka 1965, sehemu kubwa ya umeme wake ilikwenda kwa bei ya chini kwenye kiwanda cha VALCO pale Tema, mali ya kampuni mbili za Marekani, Kaiser kwa asilimia 90 na Reynolds kwa asilimia 10. Kiwanda hicho kiliyeyusha malighafi iliyoletwa kwa meli kutoka nje, huku Ghana ikiwa na madini yake yenyewe ya boksiti ardhini. Ni kweli kwamba kopo likirudishwa na kuyeyushwa upya, umeme unaohitajika hushuka hadi asilimia 5 hivi ya ule wa awali. Sharti ni kwamba lirudishwe, na huko Marekani zaidi ya nusu ya makopo hutupwa.

Kioo cha kutupwa hakina sifa bora. Kwa hesabu za serikali ya Marekani za mwaka 2018, ni kiasi cha asilimia 31 tu ya vyombo vya kioo vilivyokusanywa ili kuyeyushwa tena. Chupa nzito iliyosafirishwa mbali, ikanywewa mara moja na kuvunjwa kandoni mwa barabara, ni chombo kibaya kuliko vyote vinavyozungumzwa hapa. Mwalimu anayewaongoza wanafunzi kuokota vigae katika uwanja wa michezo hahitaji takwimu kulijua hilo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Marekani haikuanza na chupa ya kutupwa. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili, sehemu kubwa ya bia iliyouzwa katika vyombo nchini humo ilikuwa katika chupa za kurudishwa, kuoshwa na kujazwa tena. Kopo na chupa ya kutupwa ziliviwezesha viwanda vikubwa kuuza mbali bila kusumbuka na vyombo vitupu. Taka zikawa mzigo wa halmashauri za miji na wakulima. Jimbo la Vermont lilipiga marufuku chupa za bia za kutupwa mwaka 1953, sheria hiyo ikafa mwaka 1957. Mwaka huo huo wa 1953 makampuni ya makopo, chupa na vinywaji yaliunda chama cha kuwahimiza wananchi wasitupe taka ovyo. Wito huo ulikuwa mwema, ila ulimwacha mtengenezaji wa taka amekaa kimya kivulini.

Oregon ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1971 ilimtaka mnunuzi kuweka amana ya senti 5 kwa kila chupa ya kutupwa au kopo na kurudishiwa anapoleta kitupu. Mwaka 2017 amana hiyo ilipandishwa hadi senti 10, na vyombo vingi zaidi hurudi huko kuliko katika majimbo yasiyo na amana. Wala ubishi wa kopo au chupa haukuwa na maana kubwa mbele ya sheria hiyo, maana vyote viwili vilitozwa sawa.

Yapo pia mambo ya uchumi ambayo mtengenezaji mdogo huyagundua akiwa amekwisha kununua mitambo. Ugonjwa wa Uviko ulipofunga baa mwaka 2020, bia iliyokuwa ikiuzwa kwa mapipa ilihamia kwenye makopo, na makopo yakaadimika. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya Ball, mojawapo ya wafua makopo wakubwa duniani, iliwaarifu wateja wasio na mkataba kwamba oda ndogo kabisa ya makopo yaliyochapwa jina ingepanda kutoka lori moja hadi malori matano, yaani makopo kama milioni moja kwa kila aina ya bia. Kiwanda chenye wafanyakazi kumi hakina hata mahali pa kuyaweka. Kisha ushuru wa Marekani kwa aluminiamu kutoka nje, uliokuwa asilimia 10 mwaka 2018, ulifikishwa asilimia 50 Juni 2025.

Katika Afrika Mashariki mambo yana sura nyingine. Mnywaji wa kawaida hapa amekua akijua kwamba chupa si yake. Anainunua bia, chupa inarudi katika kreti, kreti inarudi kiwandani, na asiye na chupa tupu hulipia. Utaratibu huo, ambao Wamarekani waliupoteza, haukuandikwa na wanamazingira. Ulitokana na ukweli kwamba chupa ni ghali. Dar es Salaam ina kiwanda chake cha chupa, Kioo Limited, na magadi yatumikayo katika kuyeyusha mchanga kuwa kioo huchimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya.

Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba ni mali ya wakubwa. Chupa zina alama zao, kreti ni zao, mashine za kuoshea ni zao. Mtengenezaji mdogo wa Arusha au Nairobi hana chupa za kurudi kwake, hivyo huona kopo la kutoka nje, au chupa ya kutupwa, ndiyo njia pekee. Wala asilaumiwe. Kuosha chupa kunataka maji mengi na magadi makali, na kurudisha vitupu kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000, kunaweza kumeza faida yote. Kwa bia itakayosafirishwa umbali huo kopo lina hoja nzito, ikiwa tu litawekewa amana. Kwa sasa mwokotaji wa mtaani analiuza kwa uzito, liyeyushwe pengine liwe sufuria, na hiyo ndiyo huduma pekee ya kukusanya makopo katika miji mingi.

Lakini kwa bia inayotengenezwa na kunywewa katika mji mmoja, dawa ipo na imejaribiwa. Mwaka 2018 ushirika wa Oregon unaokusanya vyombo vya vinywaji ulianzisha chupa ya pamoja kwa viwanda vidogo vya jimbo hilo, Double Mountain cha mji wa Hood River kikiwa miongoni mwao. Chupa ni ya umbo moja, kila kiwanda hubandika lebo yake ya karatasi, na yoyote iliyorudi huoshwa na kupewa yeyote mwenye kuihitaji. Kufanya hivyo Dar es Salaam au Nairobi kungehitaji maamuzi machache ya ofisini: shirika la viwango kukubali chupa moja ya kahawia isiyo na alama ya kampuni, afisa afya kuidhinisha mahali pa kuoshea, na afisa biashara kuwaita watengenezaji wadogo mezani kabla kila mmoja wao hajaagiza mashine yake ya makopo.