Hifadhidata: Jina la nadharia, bidhaa ya sokoni

WAFANYABIASHARA wanaohamishia madaftari yao kwenye kompyuta huambiwa na wauzaji kwamba programu wanayonunua ni hifadhidata ya mahusiano. Jina hilo lina uzito, na lina bei. Lakini bidhaa yenyewe si kile hasa alichokieleza mwenye nadharia, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mwenye duka fedha taslimu.

Nadharia ni ya Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, ambaye aliitangaza mwaka 1970. Kwa Codd, kila mstari wa jedwali ni taarifa moja ya kweli, na taarifa hairudiwi. IBM, iliyokuwa ikiuza mfumo wake wa zamani wa IMS, haikuwa na haraka. Kampuni ndogo iliyokuja kuitwa Oracle ndiyo iliyowahi sokoni mwaka 1979, ikitumia lugha ya SQL iliyobuniwa na watu wa IBM wenyewe. Toleo lake la kwanza kuuzwa liliitwa la pili, maana wanunuzi huogopa toleo la kwanza. Biashara ni biashara.

SQL inaruhusu mstari uleule kuingia mara mbili. Karani akiandika ankara moja asubuhi na tena jioni, na jedwali halikuwekewa ufunguo wa kuzuia marudio, mauzo yatajumlishwa mara mbili na kompyuta haitalalamika.

Hatari kubwa zaidi ni nafasi zinazoachwa wazi. Tuseme muuzaji wa jumla ametoa mali kauli kwa wateja 100. Wateja 60 wameandikiwa "amelipa", 30 "hajalipa", na 10 hawakuandikiwa chochote kwa kuwa karani hakuwa na uhakika. Mwenye mali akiomba orodha ya wote ambao hali yao si "amelipa", atapata watu 30 tu. Wale 10 hawatokei humo, wala hawatokei kwenye orodha ya waliolipa. Kwa SQL, kisichojulikana si ndiyo wala si hapana, na mstari wa namna hiyo huachwa kimya kimya. Jumla ya thamani ya stoo nayo huiruka bidhaa isiyoandikwa bei.

Hapa lawama si ya wauzaji peke yao. Codd mwenyewe alizitaka nafasi tupu, akaziweka katika kanuni alizotoa mwaka 1985 kuwabana waliojipachika jina la mahusiano. Mwenzake Chris Date alizipinga kwa miaka mingi, na kwa mtu anayedai fedha zake, hoja ya Date ndiyo yenye nguvu.

Wenye kununua hisa nao wana la kuangalia. Ingres, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilikuwa na lugha yake ya QUEL ambayo baadhi ya wataalamu waliiona bora. Mwaka 1986 SQL ndiyo iliyofanywa kiwango rasmi Marekani, na mwaka huohuo Oracle ikauza hisa kwa umma. Soko lililipa aliyewahi, si aliyekuwa karibu zaidi na nadharia.

Mnunuzi wa programu hana haja ya kungoja ubishi huo uishe. Amtake fundi aweke ufunguo kwenye namba ya ankara, na azuie nafasi tupu kwenye safu za malipo na bei. Bidhaa zote kubwa zinaiweza kazi hiyo, na ifanyike kabla mzigo wa kwanza haujatoka stoo.