Baraza la Mwalimu: Samaki wa Kukaa na Wenzake



Mwezi uliopita nilialikwa chai katika nyumba moja hapa Lanham, si mbali na barabara ya Annapolis. Sebuleni palikuwa na tangi la kioo la galoni 75, lenye matumbawe hai, konokono kadhaa, kamba wawili wadogo na samaki watatu wapole. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwalimu, mwanangu anatimiza miaka 12 na zawadi anayoitaka ni wrasse. Dukani wamejaa wa kila rangi. Tumchukue yupi?" Swali hilo ni la fedha, lakini pia ni la uhai. Kwa kuwa nazijua nyumba nyingine zenye matangi ya namna hiyo, nimeona nilijibu hapa kwa faida ya wote.

Kwanza tumfahamu samaki mwenyewe. Wrasse ni jina linalotumika madukani kwa ukoo mkubwa uitwao Labridae, wenye spishi zaidi ya 500. Aliyekulia pwani anamjua pono. Basi hawa ni ndugu zake, na wataalamu wengi siku hizi humhesabu pono kuwa ndani ya ukoo huohuo. Wengi wao huishi katika miamba yetu ya Afrika Mashariki. Baadhi ya wanaouzwa Marekani wamevuliwa pwani ya Kenya kwa nyavu ndogo, wakatiwa katika mifuko ya maji na kupakiwa ndegeni. Nao ni wahamiaji kama sisi.

Sasa niungame kosa langu. Nilipostaafu, mimi na mjukuu wangu tuliweka tangi. Samaki wa kwanza tuliyemnunua alikuwa Pseudocheilinus hexataenia, mdogo asiyezidi sentimita 10, mwenye mistari sita ubavuni. Akakaa peke yake miezi mitatu, akaliona tangi zima kuwa milki yake. Kisha tukamleta Halichoeres iridis, mwenye kichwa cha manjano, samaki wa bahari yetu hasa. Mwenyeji akamfukuza pembe hadi pembe. Asubuhi ya pili mjukuu wangu alimkuta mgeni juu ya zulia, amekauka, maana tangi halikuwa na kifuniko. Akaniuliza, "Babu, alikuwa anakwenda wapi?" Nilifundisha elimu ya viumbe miaka mingi huko Tanga, lakini swali hilo sikuwa na jibu lake.

Kutokana na kosa hilo nimejifunza mambo manne, nami nayatoa kwenu.

La kwanza, mtazame samaki atakavyokuwa, si alivyo leo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na dukani hakuna kinachojiuza kama mtoto wa Coris aygula: mweupe, mwenye madoa mawili ya rangi ya chungwa mgongoni. Lakini mtoto huyo akikua hubadilika rangi, hupindua mawe akitafuta kaa na konokono, na baharini aweza kupita mita moja. Hakuna sebule ya Lanham itakayomtosha. Vivyo hivyo Thalassoma lunare, mwenye mkia mfano wa mwezi mwandamo, ni hodari na mzuri, ila hula kamba na samaki wadogo.

La pili, tazama waliomo tayari. Mwenye kamba na konokono anaowapenda asilete mla kamba na konokono. Mwenye samaki waoga asilete mgomvi. Tangi si bahari. Anayefukuzwa baharini hukimbilia mwamba mwingine, anayefukuzwa ndani ya kioo hana pa kwenda.

La tatu, mpangilio wa kuingia. Wapole watangulie, wakali wafuate, au wasije kabisa. Laiti ningemweka Halichoeres kwanza, huenda angekuwa hai. Wala usiwaweke pamoja madume wawili wa spishi moja, kwani watapigana.

La nne, malazi. Ndugu hawa wa pono hulala kwa namna mbili. Jamii ya Halichoeres hujifukia mchangani usiku, kwa hiyo wanahitaji mchanga laini wenye kina cha sentimita tano au zaidi. Changarawe kali itawajeruhi. Jamii ya Cirrhilabrus hulala kati ya mawe, na wengi wao hujifunika utando wa ute. Wote ni warukaji wanaposhtuka. Funika tangi kwa wavu wenye matundu madogo kabla samaki hajafika, si baada yake.

Jibu langu kwa yule mama lilikuwa Cirrhilabrus exquisitus, mmoja tu. Hupatikana pwani yetu, hukua kufikia sentimita 12 hivi, hula vijidudu vinavyoelea majini, na hana haja na matumbawe wala kamba. Jamii yake bado ina siri: mwaka 2019 wanasayansi walitangaza spishi mpya, Cirrhilabrus wakanda, kutoka maji ya Zanzibar, kwenye kina cha mita 50 hadi 80. Bahari tuliyoogelea utotoni haijamaliza kusomwa! Chaguo la pili ni huyohuyo Halichoeres iridis, mradi mchanga uwepo na mgomvi asiwepo. Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji amlishe samaki mbele yenu. Asiyekula dukani msimchukue kwa huruma.

Wapo wawili ambao ningewaomba mwaache. Macropharyngodon bipartitus ana madoadoa ya kupendeza, lakini amezoea viumbe vidogo mno vya mchangani, na wengi hufa njaa mikononi mwa wanaoanza. Wa pili ni msafishaji, Labroides dimidiatus, mwenye mstari mweusi toka mdomoni hadi mkiani. Huyu hula vimelea vilivyo mwilini mwa samaki wengine, ambao humjia na kupanga foleni kama wagonjwa zahanati. Kwake methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" ni kweli tupu. Lakini utafiti uliofanywa Australia ulionyesha kwamba samaki mmoja huhudumia wateja zaidi ya 2,000 kwa siku. Katika tangi lenye wateja watatu atakula nini? Mwacheni mwambani, ambako kazi yake inahitajika.

Neno la mwisho ni juu ya mapokezi. Wafugaji wengi wameona samaki mgeni akijifukia mchana kutwa na kutoka usiku wa manane, kana kwamba bado anafuata mapambazuko ya kwao. Baina ya Maryland na Mombasa pana tofauti ya saa saba wakati wa joto na nane wakati wa baridi. Nani kati yetu hakuamka saa nane za usiku wiki yake ya kwanza hapa, akakaa jikoni peke yake akisubiri kuche? Basi msimfukue mchangani kumtazama. Punguzeni mwanga, tieni chakula kidogo, subirini. Kwa kawaida baada ya siku kadhaa hutoka mwenyewe.

Mjukuu wangu sasa ni kijana wa sekondari. Tangi letu lina kifuniko, na hatumwingizi samaki yeyote kabla yeye hajaandika katika daftari atakua kiasi gani, atakula nini na atalala wapi. Kiumbe aliyetolewa katika bahari ya kwetu akaletwa sebuleni mwetu ni amana. Hakuchagua safari, tunaochagua ni sisi.

Nawatakia mwezi wa heri. Wenye maswali wayaandike na kumpa mhariri. Tutaonana toleo lijalo, Mungu akipenda.

Wenu,
Mwalimu Mstaafu